Ukuta una mshono, na muhtasari niliuandika mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, naishi Kimara, Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani, sasa naishi na mama. Naomba usicheke, maana jambo linaloninyima usingizi ni ukuta.

Njia yetu haitokei. Ukitoka lami unapita nyumba kama kumi na nne hivi, halafu unakutana na ukuta wetu na safari imekwisha. Bajaji wanapaita "kwa Mama Vitumbua, njia inapofia." Nyuma ya ukuta kuna nyumba nyingi zilizoteremkia bondeni. Watu wa kule wakitaka kufika lami ni lazima wazunguke kupitia korongoni, karibu kilomita moja na nusu, na mvua za masika zikianza korongo halipitiki.

Mwaka jana tulianza urasimishaji wa makazi, yaani kupimiwa viwanja vyetu ili vitambulike rasmi. Tukachanga, wapimaji wakaja, kamati ikaundwa. Nikachaguliwa katibu, kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti wa kamati, "huyu ana mwandiko." Kabla mchoro wa mipango miji haujapelekwa manispaa, wapimaji wakatuuliza: hii njia iendelee kuishia hapa, au ifunguliwe iungane na ile ya bondeni? Mtaa ukagawanyika siku hiyohiyo.

Wenye kutaka ifunguliwe wanataja gari la wagonjwa, zimamoto, gari la kunyonya choo, na bei ya viwanja. Wasiotaka wanasema bodaboda na daladala bubu watageuza mtaa kuwa mchepuko wa kukwepa foleni ya Barabara ya Morogoro, na watoto hawatacheza tena rede barabarani. Mimi nawaelewa wote. Watoto wangu wenyewe wanacheza pale mpaka magharibi, siwazi gari.

Pendekezo ni barabara ya mita sita. Mita sita zikipita kwetu zinaondoka na jiko la mama, choo cha nje na vyumba viwili vya wapangaji. Kila chumba ni 50,000 kwa mwezi, na hela hiyo ndiyo dawa za mama za presha na sukari. Mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, mama mdogo alikuwa miongoni mwa waliopigwa X nyekundu. Mama ndiye aliyekwenda kumsaidia kung'oa milango na kushusha mabati. Tangu hapo akimwona mtu na tepu anaingia ndani. Alipoambiwa habari hii alisema neno moja tu: "Mniache nife kwanza, ndiyo mpitishe magari yenu."

Sasa siri yangu. Zamani pale palikuwa na njia. Baba aliacha uwazi wa kama hatua mbili kwenye fensi yetu ya michongoma, watu wa bondeni wakipita kwenda lami na sisi tukipita kwenda shule. Mimi mwenyewe nimepita hapo miaka saba na begi mgongoni. Mama alikuwa anakaanga vitumbua pembeni ya uwazi ule, na wateja wake wakubwa walikuwa hao wapita njia. Baba alifariki mwaka 2008. Mwaka 2010 kaka mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi na sasa anaishi Mwanza, akajenga ukuta wa tofali. Pale penye uwazi alipaacha kwanza, kisha wezi walipoiba kuku na redio ya mpangaji akapaziba. Aliziba kwa tofali za inchi tano wakati ukuta wote ni wa inchi sita, na lipu hakupiga. Ukisimama karibu unauona mshono umenyooka kutoka juu mpaka chini, kama mahali palipokuwa na mlango.

Kwenye kikao cha mwezi uliopita mzee mmoja wa mtaa alisimama akasema hapa hapajawahi kuwa na njia tangu aje Kimara. Mzee wa pili akamuunga mkono. Hakuna aliyebisha. Mimi nikaandika kwenye muhtasari, kwa mkono wangu: "Wazee wamethibitisha kuwa eneo hilo halikuwahi kuwa na njia." Siku wapimaji walipokuja kupima upande wetu, kanga za mama zilikuwa zimeanikwa juu ya mshono. Sikukusudia. Au nilikusudia, sijui.

Ningenyamaza, Shangazi, kama si mambo ya Aprili. Usiku wa mvua kubwa nilisikia kelele nyuma ya ukuta. Mama mmoja wa bondeni alikuwa amepata uchungu. Bajaji ilikuwa imefika upande wetu, taa zinawaka, na yeye yuko upande wa pili, hatua kumi na tano kutoka kwenye bajaji. Wanaume wakambeba kwenye kiti cha plastiki kuzunguka korongoni. Alijifungulia njiani. Mshukuru Mungu, mama na mtoto wote wazima, na mtoto watu wameshamtania jina la "Ukuta." Wote wanacheka. Mimi nikisikia jina lile tumbo linanikata.

Kikao kijacho ni baada ya wiki mbili. Nikisema kweli, nitamvunjia mama nyumba, na kaka hatanisamehe. Tayari aliwahi kusema ile njia ilikuwa hisani ya baba, na hisani haiandikwi kwenye ramani. Nikinyamaza, nitakuwa nimedanganya mtaa mzima. Nifanyeje?

Katibu, Kimara

*

Marahaba, mwanangu. Sikucheka, ila kwa hilo jina la Ukuta nimetabasamu kidogo, unisamehe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kama nimekuelewa, una mizigo miwili na umeifunga kamba moja. Mmoja ni wa mtaa: njia ifunguliwe au isifunguliwe. Huo si wako peke yako. Wa pili ni sentensi moja uliyoiandika ukijua siyo. Huo ni wako. Umeifunga pamoja kwa hoja moja, kwamba ukisema kweli utakuwa umebomoa nyumba ya mama. Naomba tuifungue kamba hiyo tuone kama ni lazima iwe hivyo.

Tuanze na kilichokuwepo. Kwa maneno yako, baba aliacha uwazi wa hatua mbili. Watu walipita kwa miguu, watoto walikwenda shule, mama alikaanga vitumbua pembeni. Hakuna gari lililopita pale. Wewe ukisimama ukasema "palikuwa na njia," unachokithibitisha ni njia ya miguu, mita moja na nusu au mbili. Mita sita ni pendekezo jipya la watu wa leo, lina haki ya kujadiliwa, lakini si sehemu ya ushahidi wako. Kwenye kikao mambo haya mawili yamechanganywa, na nashuku yamechanganywa na pande zote mbili: wanaotaka barabara wanataka yote, na wasiotaka wanaona njia salama ni kusema hapakuwa na chochote.

Halafu nirudie neno la mama. Alisema mpitishe magari. Hakusema watu. Inawezekana kwake ni kitu kimoja, mimi siko hapo. Lakini mtu aliyeshusha mabati ya mdogo wake mwaka 2017 akisikia neno "barabara" anaiona ile X nyekundu, na sote tuliokuwa Dar wakati ule tunajua nyekundu ilimaanisha kubomolewa bila fidia, na ya kijani kungoja fidia. Je, kuna mtu amewahi kukaa naye akamuuliza juu ya njia, siyo barabara? Maana, mwanangu, mama yako aliijua ile njia kabla yako. Ilikuwa biashara yake. Ukuta ulipozibwa, vitumbua viliendelea? Hukuniambia. Nimeona tu kwamba mtaa bado unamwita kwa jina la vitumbua.

Na jambo la tatu ninalotaka kulichokonoa ni hili la siri. Unaandika kama kwamba wewe peke yako ndiye unayejua. Lakini watu wa bondeni walipita pale zaidi ya miaka kumi. Wazee wawili waliokana, walifika Kimara lini? Kama walikuwepo kabla ya 2010, wanajua. Pengine wamesema vile kwa hofu ya bodaboda, pengine kwa kuihurumia nyumba yenu, pengine kweli wamesahau. Na wale wa bondeni kwa nini wamekaa kimya? Huenda wengi ni wapangaji, huenda walionunua baadaye hawakukuta uwazi, huenda wanangoja kwanza watu wa nyumba yenu waseme. Siri ya namna hii mara nyingi watu wengi wanaijua, ila kila mmoja anamwangalia mwenzake.

Sasa tuangalie mbele kuna nini, na kila upande una miiba yake.

Ukinyamaza, huenda mchoro ukapita na njia ikabaki inafia kwenu. Mama atabaki na jiko lake, wewe na kaka mtakuwa salama. Lakini mchoro ukishaidhinishwa na bikoni, yale mawe ya mipaka, zikafukiwa, kuubadilisha ni kazi ngumu, na mama mwingine wa bondeni akipata uchungu mwezi wa nne utasikia tena upande wa pili wa ukuta. Pia siyo hakika kwamba ukimya utadumu. Mtu wa bondeni akiamua kulalamika anaweza kuanza kwenye baraza la kata kwa usuluhishi, akishindwa aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko atasema kulikuwa na njia, na mtu wa kwanza atakayetakiwa kusikilizwa ni katibu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzake. Kama hisani ya baba yenu inafikia hapo, mimi si mwanasheria, na kaka naye, samahani, si mwanasheria. Hapo Dar wapo wanaotoa msaada wa kisheria kwa wanawake, kama WLAC na TAWLA. Nenda na swali lako kabla ya kikao, siyo baada.

Ukisema, kuna hatari ya wazi: wenye kutaka mita sita watadaka neno lako na kukimbia nalo. "Si mmesikia, hata katibu amekiri!" Kwa hiyo namna ya kusema ni kubwa kama kusema kwenyewe. Na wewe una nafasi ambayo wengi hawaipati. Kila kikao huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Pale mwenyekiti atauliza kama kuna masahihisho, na wewe ndiye mwandishi. Inawezekana kabisa kusema: "Ndugu wajumbe, nina sahihisho. Mimi nilipita hapo nikiwa mwanafunzi, palikuwa na njia ya miguu upana wa hatua mbili, ilizibwa mwaka 2010. Naomba iingie kama nilivyosema, na ieleweke kwamba familia yetu haijakubali barabara." Ni sentensi tatu tu. Wazee hujawaita waongo, maana wao walisema wanavyokumbuka na wewe umesema unavyokumbuka. Lakini nisikudanganye, kuna mtu atakuuliza: siku ile mbona ulinyamaza? Uwe na jibu lako tayari, hata kama jibu ni "niliogopa."

Kuna njia ya katikati pia, nayo nakutajia bila kukupigia debe. Mtaa unaweza kufunguka kwa watu bila kufunguka kwa magari. Pale penye mshono panarudi uwazi wa mita mbili, panawekwa nguzo mbili za zege ili pikipiki isipenye, na kwenye mchoro panaandikwa njia ya waenda kwa miguu. Gari la wagonjwa litaishia kwenu kama bajaji ilivyoishia, lakini mgonjwa atavuka hatua kumi na tano kwa machela badala ya kuzungushwa kilomita moja na nusu kwenye kiti cha plastiki. Watoto wataendelea na rede. Jiko la mama, kwa vipimo ulivyonipa, halionekani kuguswa, ingawa hilo lithibitishwe kwa tepu na si kwa maneno yangu.

Lakini usidhani ni dawa isiyo na uchungu. Gari la zimamoto bado halitafika bondeni, wala la kunyonya choo, na wenzako wa kule watasema mmewapa nusu mkate. Nguzo za zege huwa zinang'olewa usiku, wenye bodaboda wana nyundo. Na kilichoandikwa njia ya miguu leo kinaweza kuombwa kipanuliwe kesho. Wezi wa kuku nao, sitaki kuwasahau, walimpa kaka yako sababu ya kweli. Taa moja juu ya uwazi ingesaidia, lakini nani atalipa umeme wake?

Naomba nikae kidogo kwenye suala la ardhi, maana hapo naona shimo ambalo hujaliona. Umeandika kana kwamba wewe ukikubali au ukikataa, mambo yamekwisha. Kiwanja ni cha marehemu. Kama mirathi haijagawanywa, wewe huwezi kuachia hata mita moja, wala kaka hafai kuachia peke yake kimyakimya. Yeye ni msimamizi kwa niaba ya warithi wote, mama akiwemo. Kwa hiyo hata ukisema kweli kikaoni, nyumba haivunjwi kwa neno lako. Itahitajika familia ikae.

Na kuachia kuna milango miwili. Katika urasimishaji, wenye viwanja kwa kawaida hukubaliana kutoa ardhi kidogo kwa ajili ya njia, kwa hiari, bila kulipwa. Huo ni mlango wa kwanza. Wa pili ni pale serikali inapotwaa ardhi ya mtu kwa matumizi ya umma. Huko Katiba, ibara ya 24, na Sheria ya Ardhi zinadai fidia, na mthamini anakuja kabla ya greda. Nyumba nyingi zimejikuta zimepitishwa mlango wa kwanza kwa kuwa kikao kilipiga makofi. Jiko, choo na vyumba viwili vyenye wapangaji havifanani na kusogeza michongoma. Mkifika mahali pa kusaini chochote, iandikwe mita ngapi, kutoka bikoni ipi, kwa hiari au kwa fidia, na msimamizi wa mirathi asaini mwenyewe. Hilo nakuambia kwa sauti ya ukali kidogo.

Kuhusu kaka. Unamwogopa, na nadhani unampenda pia, maana hujamsema vibaya hata mara moja. Aliziba uwazi baada ya wizi, akiwa kijana aliyeachiwa nyumba ya baba na mama mjane. Huenda anaona ukimsahihisha ukuta unamwambia alikosea kuwalinda. Sidhani ni vizuri alisikie jambo hili kwa mtu wa kamati. Mpigie kabla ya kikao, na usianze na "nataka kusema ukweli," hapo atasikia mashtaka. Mwanzie na usiku ule wa Aprili. Mwambie juu ya kiti cha plastiki na taa za bajaji. Anajua hatua kumi na tano zile ni ngapi, yeye ndiye aliyezipima kwa tofali. Kama atawaka, mwache awake. Simu ya kwanza si lazima iwe ya mwisho. Kama atabaki na neno la hisani, mweleze kwamba unataka kuulizia sheria inasemaje kabla yeyote hajasaini.

Unaweza pia kuomba kuweka kalamu chini kwa ajenda hii moja. Kumwambia mwenyekiti "hili linagusa nyumba yetu, mwingine aandike" si aibu, na wajumbe wengi watakuheshimu. Hasara yake ni kwamba ukitoka mezani hutajua kilichoandikwa, na wewe sasa unajua sentensi moja inaweza kufanya nini.

Siwezi kukuambia uchague lipi. Nina wasiwasi na ukimya wako, nakiri, lakini anayelala na mama nyumba moja ni wewe, na anayelipa dawa ni wewe. Ninachoomba ni kwamba usiende kikaoni kabla hujaongea na mtu mmoja, naye si kaka wala mwanasheria.

Jioni moja, watoto wakiwa nje, keti na mama. Usimletee habari ya mchoro. Muulize wateja wa vitumbua walikuwa nani, walianza kuja saa ngapi asubuhi, nani alikopa akahama na deni, na huyu mama wa mtoto Ukuta, kama mama yake naye alikuwa akinunua. Mwache asimulie mpaka achoke mwenyewe. Na kalamu, tafadhali, iache ndani.

Niandikie tena baada ya hapo.

Shangazi